Maradhi ya Glakoma Katika Macho Yenye Presha ya Kawaida

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kalamu na daftari, na haya nitakayosema nimeyapata kwa kusoma maandishi ya matabibu, na kwa kuwauliza maswali wale wanaotibu macho mpaka nikatosheka kwamba nimewafahamu. Nimeona ni wajibu kuyasema, kwa sababu katika daftari la chama chetu mna jambo ambalo laweza kutudanganya.

Mwaka uliopita, kama mjuavyo, chama kiliwaalika wapimaji waje kutupima presha ya macho katika ukumbi huu. Ilikuwa kazi njema, na wazee wengi walijitokeza. Kila mmoja alipewa kijikaratasi chenye nambari mbili, moja ya jicho la kulia na moja ya jicho la kushoto. Na yule ambaye nambari zake hazikuzidi 21 aliambiwa kwamba macho yake ni salama, akaandikwa hivyo katika daftari. Tangu siku ile nimesikia zaidi ya mara moja mtu akisema, "Mimi sina haja ya kwenda hospitali. Nilipimwa, na presha yangu ni 15." Ni maneno hayo, Bwana Mwenyekiti, yaliyonifanya niombe nafasi hii. Kwa maana iko glakoma inayoharibu macho ya mtu huku presha yake ikiwa 15, au 14, au hata 12. Na mtu huyo akikitegemea kijikaratasi chake, aweza kupofuka nacho mkononi.

Nitaanza na jina. Katika mazungumzo ya kila siku maradhi haya twayaita presha ya macho. Jina hilo limezoeleka, lakini lina kasoro: lamfanya mtu afikiri kwamba presha ndiyo ugonjwa wenyewe, na kwamba pasipo presha kubwa hapana ugonjwa. Sivyo. Glakoma ni maradhi ya mshipa wa fahamu wa jicho, yaani ule mshipa unaotoka nyuma ya jicho na kupeleka kwenye ubongo habari za vitu tuvionavyo. Mshipa huo umefanywa kwa nyuzi nyembamba mno, zipatazo milioni moja katika kila jicho. Glakoma huziua nyuzi hizo kidogo kidogo, na uzi uliokufa haurudi. Presha ni mojawapo ya mambo yanayoziua, tena ndilo jambo kubwa ambalo madaktari wanaweza kulipunguza. Lakini siyo ugonjwa wenyewe.

Presha hiyo yatoka wapi? Ndani ya jicho, upande wa mbele, mna maji maangavu ambayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa humo humo usiku na mchana, hulisha sehemu za jicho, kisha hutoka kwa njia nyembamba zilizo pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na ile duara yenye rangi. Yanayotengenezwa yakilingana na yanayotoka, jicho hukaa na ugumu wake wa kawaida. Njia za kutokea zikifanya kazi vibaya, maji huzidi na jicho hukazana. Ugumu huo hupimwa kwa milimita za zebaki, kama ipimwavyo presha ya damu; lakini presha ya macho na presha ya damu ni vitu viwili mbalimbali, na mtu aweza kuwa na moja asiwe na nyingine.

Na hii nambari 21, ambayo sisi tumeifanya kuwa mlango wa salama na hatari, imetoka wapi? Ilipatikana kwa hesabu. Mwaka 1958 daktari Mjerumani aitwaye Leydhecker na wenzake walichapisha vipimo vya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa na macho mazima. Wastani wao ulikuwa kati ya 15 na 16, na walio wengi mno hawakufika 21. Basi ikawa desturi kusema kwamba presha ya 10 hadi 21 ni ya kawaida. Sisi tunaoshughulika na hesabu twajua neno wastani lina maana gani. Wastani wa mapato ya kijiji haukuambii kama jirani yako ana chakula usiku wa leo. Hali kadhalika, presha iliyo ya kawaida kwa watu wengi haikuambii kama mshipa wako wewe waweza kuivumilia.

Wazee waliowahi kufuga punda watanielewa upesi. Gunia moja la mahindi ni mzigo wa kawaida. Punda wengi hulibeba mpaka sokoni na kurudi. Lakini yuko punda ambaye mgongo wake ni dhaifu, na gunia lile lile litamwangusha njiani. Ukilipima gunia kwa mizani, utasema halina kosa. Kosa hutalijua mpaka umtazame punda. Basi kipimo cha presha hupima gunia. Mwenye kutaka kujua habari za punda hana budi kuutazama mshipa wenyewe.

Jambo hili si geni kwa matabibu. Mwaka 1851 Helmholtz, Mjerumani, alitangaza chombo cha kumulikia ndani ya jicho, na kwa mara ya kwanza madaktari wakaweza kuuona mwanzo wa mshipa huo katika mtu aliye hai. Katika jicho zima, kichwa cha mshipa huonekana kama kisahani kidogo chenye kibonde katikati, nao madaktari hukiita kibonde hicho kikombe. Nyuzi zikifa, kikombe hupanuka na ukingo wa kisahani hupungua. Miaka michache baadaye, mwaka 1857, von Graefe, daktari mashuhuri wa Berlin, aliandika habari za wagonjwa ambao mshipa wao ulikuwa umechimbika hivyo, lakini alipoyabonyeza macho yao kwa kidole hayakuwa magumu. Siku zile hapakuwa na kipimo kizuri kuliko kidole. Leo vipimo vipo, tena vya kuaminika, na wagonjwa wa namna ile wangalipo. Ugonjwa wao huitwa glakoma ya presha ya kawaida.

Wala msidhani kwamba wagonjwa hao ni wachache sana hata tusiwe na haja ya kujishughulisha nao. Katika mji wa Tajimi, nchini Japani, walichunguzwa watu waliozidi miaka 40, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Katika kila wagonjwa 100 wa glakoma ile ya kawaida, ambayo njia za maji zaonekana wazi, 92 walikuwa na presha isiyozidi 21. Mtu aweza kujibu kwamba Wajapani ni Wajapani, na sisi ni sisi. Ni kweli kwamba kwa watu wa asili ya Afrika presha kubwa huonekana zaidi. Lakini katika mji wa Baltimore, Marekani, ambako walichunguzwa watu weusi na weupe, ilionekana mwaka 1991 kwamba karibu nusu ya waliokuwa na glakoma walipimwa mara ya kwanza na kukutwa chini ya kile kiwango cha hatari. Maana yake ni kwamba kama wangalipimwa presha tu, kama tulivyopimwa sisi katika ukumbi huu, nusu yao wangaliambiwa waende nyumbani kwa amani.

Nasi tusisahau jinsi maradhi haya yalivyo karibu nasi. Jirani zetu wa Tanzania, katika vijiji vya wilaya ya Kongwa, walichunguzwa, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2000 ilionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi, wapata 4 walikuwa na glakoma ya namna moja au nyingine. Katika uchunguzi wa nchi nzima ya Nigeria, zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 hawakuwa wamepata kuambiwa kwamba ni wagonjwa.

Sasa mtauliza, kwa nini mshipa wa mtu huyu uwe dhaifu na wa mwenzake uwe na nguvu? Sababu ni kadha wa kadha, na nitazitaja zile ambazo madaktari hupenda kuziuliza.

Ya kwanza ni damu. Mshipa wa jicho hulishwa na vijishipa vidogo vya damu. Damu isipofika vizuri, nyuzi hudhoofika hata kama presha ya jicho si kubwa. Kwa kawaida presha ya damu hushuka mtu alalapo. Kwa watu wengine hushuka kupita kiasi. Hapa pana jambo linalowahusu wazee wengi mlioketi mbele yangu, ninyi mnaomeza vidonge vya presha ya damu. Kidonge kikinywewa wakati wa kulala, chaweza kuishusha presha ya damu zaidi katika saa zile ambazo imekwisha kushuka yenyewe. Nawasihi sana, mtu asiache vidonge vyake kwa sababu ya maneno yangu. Kuacha dawa ya presha ya damu kwaweza kuleta kiharusi. Lakini mwenye glakoma na amwambie daktari wake wa macho ni vidonge gani anavyokunywa na saa ngapi, na daktari wa presha ya damu naye aambiwe habari za glakoma, ili wapatane juu ya saa inayofaa.

Ya pili ni mambo mengine ya mwili: maumivu ya kipandauso, mikono inayokufa ganzi na kubadilika rangi kwa baridi, kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, na kuwahi kupoteza damu nyingi, kwa ajali au wakati wa kujifungua. Mtu mwenye mojawapo ya haya asidhani kwamba lazima atapata glakoma. Ila daktari akiuliza, asifiche, wala asione kwamba swali hilo halihusu macho.

Ya tatu ni ukoo. Mtu ambaye mzazi wake, au ndugu yake wa tumbo moja, ana glakoma, hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mwingine. Najua kwamba katika baadhi ya nyumba upofu unaofuata ukoo husemwa kuwa ni laana, na watu huona haya kuutaja. Kwa heshima yote, wazee wangu, nasema kwamba haya hiyo imewapofusha watu wengi. Mgonjwa anayewaambia wanawe na ndugu zake, "Nina glakoma, nendeni mkatazamwe," amewaachia urithi ulio bora kuliko shamba.

Halafu iko presha inayoonekana ya kawaida na kumbe si ya kawaida. Presha ya jicho hubadilika kutwa kucha. Aliyepimwa saa nane mchana akakutwa na 17, huenda alfajiri alikuwa na 24. Tena kipimo kinachosifiwa zaidi, ambacho Goldmann wa Uswisi alikitengeneza katika miaka ya 1950, hufanya kazi kwa kukibonyeza kioo cha mbele cha jicho, nacho kilipangwa kwa kioo chenye unene upatao nusu milimita. Kioo kikiwa chembamba kuliko hivyo, kipimo husoma chini ya ukweli. Katika uchunguzi wa Marekani, watu wenye asili ya Afrika walionekana, kwa wastani, kuwa na vioo vyembamba kuliko Wazungu. Basi nambari ndogo kwenye karatasi huenda ikawa ni habari ya kioo, si habari ya presha.

Na kuna matone ya steroidi. Haya ni matone yanayoondoa wekundu na mwasho upesi, na kwa sababu hiyo watu huyapenda na kuyanunua dukani bila cheti, au kuazimana. Yakitumiwa muda mrefu pasipo daktari, yaweza kuipandisha presha ya jicho na kuuharibu mshipa kimya kimya. Mtu akiyaacha, mara nyingi presha hurudi kawaida, lakini mshipa ulioharibika haurudi. Miaka mingi baadaye hupimwa, huonekana ana presha ya 14 na mshipa ulioliwa, na hakuna ajuaye sababu mpaka aulizwe juu ya kile kichupa alichokuwa akikitumia zamani.

Ningependa sasa niwaeleze jinsi maradhi haya yamwingiavyo mtu, kwa mfano wa jamaa yangu, naye ameniruhusu niuseme. Baba yangu mdogo, ambaye wengi wenu mwamfahamu, alikuwa fundi wa cherehani. Macho yake hayakuuma wala hayakuwa mekundu. Aliona tu kwamba akisoma gazeti, maneno mengine katika mstari yalikuwa kama yamefutwa, na akiutia uzi katika sindano ulipotea machoni pake na kutokea tena. Alikwenda mahali pa kupimia macho, akapimwa presha, ikawa 14. Akapewa miwani. Mwaka uliofuata akarudi, ikawa 15. Akabadilishiwa miwani. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kujigonga kwenye benchi na milango ya upande wa kushoto, nasi nyumbani tulisema ni uzee. Mahali pa tatu alipokwenda, mtu wa kwanza kumtilia dawa ya kupanua mboni na kumulika ndani aliuona ugonjwa kwa dakika chache: kikombe cha mshipa wa jicho la kushoto kilikuwa kimefika karibu na ukingo wote. Tangu siku hiyo anatia dawa kila usiku. Jicho la kulia limebaki lilivyo, na kwa hilo anasoma. La kushoto laona mwanga tu, na litabaki hivyo.

Mfano huo unatufundisha jinsi glakoma inavyojificha. Huanza kwa kufuta vipande vya mbali na katikati, ambavyo mtu havitazami. Na kipande kilichofutwa katika jicho moja hujazwa na jicho jingine, hata asione upungufu. Katika glakoma ya presha ya kawaida, mara nyingine vipande vinavyofutwa huwa karibu na katikati, ndiyo maana msomaji au fundi hutambua mapema kidogo kuliko wengine. Lakini aghalabu mtu hutambua wakati nyuzi nyingi zimekwisha kufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya hata huo ukuta haujengeki. Mtoto wa jicho akikupofusha, daktari aweza kumtoa na ukaona tena. Sehemu iliyochukuliwa na glakoma hakuna daktari duniani awezaye kuirudisha.

Basi uchunguzi ulio kamili ni upi? Ni mambo manne, na kila mwanachama anaweza kuyakariri akiwa njiani. Kwanza, presha ipimwe, na ikiwezekana ipimwe kwa saa mbalimbali. Pili, mshipa utazamwe kwa kumulikwa, na inapofaa mboni zipanuliwe kwa dawa. Daktari hutazama kikombe, na hutafuta pia tone dogo la damu kwenye ukingo wa mshipa, ambalo katika ugonjwa huu ni dalili ya hatari. Tatu, upeo wa kuona upimwe: mtu huketi mbele ya mashine, hutazama nukta moja, na hubonyeza kitufe kila aonapo mwanga mdogo pembeni. Nne, unene wa kioo cha mbele upimwe. Na palipo na mashine ya kupiga picha za nyuzi za mshipa, hiyo nayo husaidia. Daktari akiona mshipa umeharibika na presha ni ya kawaida, huenda akataka kichwa kipigwe picha, hasa mgonjwa akiwa kijana, au kuona kukipungua upesi, au rangi zikififia; kwa kuwa uvimbe unaoukandamiza mshipa waweza kuiga glakoma. Mtu asiogope wala asione kwamba anazungushwa.

Sasa nafika kwenye swali ambalo niliuliza mimi mwenyewe: ikiwa presha si kubwa, dawa ya nini? Jibu ni lile la punda. Punda dhaifu hatumpi mgongo mpya, lakini twaweza kumpunguzia mzigo. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya madaktari wa vituo kadhaa walioshirikiana kuichunguza glakoma ya presha ya kawaida. Wagonjwa wengine walishushiwa presha kwa thuluthi moja hivi, yaani 30 katika kila 100 ya kipimo chao, na wengine hawakutibiwa ila walitazamwa kwa makini. Katika walioshushiwa, 12 katika kila 100 walizidi kuharibika; katika wasiotibiwa, 35 katika kila 100. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayetegemea macho yake kulea watoto. Uchunguzi ule ulionyesha pia kwamba ugonjwa huu mara nyingi huenda polepole: takriban nusu ya wasiotibiwa hawakuonekana kuzidi katika miaka 5. Ndiyo maana daktari aweza kumtazama mgonjwa kwanza kabla ya kumpa dawa, na hilo si kumpuuza. Waliozidi upesi zaidi walikuwa wanawake, wenye kipandauso, na wale walioonekana na tone la damu kwenye mshipa.

Presha hushushwa kwa njia tatu: matone, mwale wa leza unaofungua njia za maji, au upasuaji wa kuyatengenezea maji njia mpya. Wengi huanza na matone, na yapo yanayotiwa mara moja tu, jioni. Mwenye pumu na amwambie daktari mapema, maana yako matone, kama timolol, yawezayo kumletea mtu wa pumu shida kubwa ya pumzi. Kutia matone nako kuna adabu yake: vuta kope la chini, tia tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza polepole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa ikae ndani ya jicho isikimbilie kooni. Ukiwa na dawa mbili, ngoja dakika 5 kati yake. Na jambo gumu kuliko yote ni hili: dawa hii haikufanyi uone vizuri zaidi kesho. Huioni faida yake. Kazi yake ni kukuwekea kile ulicho nacho, na kazi hiyo yaisha siku utakapoiacha. Wengi huacha kwa sababu hawaoni mabadiliko. Wala hawajui kwamba kutokuwa na mabadiliko ndiko walikokununua.

Bwana Mwenyekiti, chama chetu kiliundwa ili mtu asianguke peke yake. Tumezika pamoja, tumelipa karo pamoja. Kwa sababu hiyo naweka mbele ya mkutano huu maombi matatu.

Ombi la kwanza: katika daftari la mwaka uliopita, penye neno "salama", pafutwe, paandikwe "amepimwa presha tu". Ni maneno machache, lakini yatakuwa ya kweli.

Ombi la pili: kila mwanachama mwenye miaka 40 na zaidi, na kila mwenye mzazi au ndugu mwenye glakoma hata kama hajafika umri huo, aende akatazamwe mshipa. Waganga wa macho wako katika hospitali nyingi za kaunti, na penye haja watatuandikia barua kwenda kwa madaktari bingwa, kama walioko Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya PCEA Kikuyu. Afikapo mbele ya daktari asiulize tu, "Presha yangu ni ngapi?" Aulize, "Mshipa wangu u hali gani?" Swali hilo ni bure, na jibu lake laweza kumwokolea jicho.

Ombi la tatu: Halmashauri itenge fedha kidogo katika mfuko wa msaada kwa nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumshika mkono, kwa sababu aliyetiwa dawa ya kupanua mboni huona ukungu kwa saa kadhaa, wala hafai kuendesha gari au pikipiki. Na kwa mwanachama asiyeweza kununua matone yake, chama kifikirie kumsaidia. Nimeziweka hesabu zetu mwenyewe kwa miaka kadhaa, na najua kwamba hatuna fedha nyingi. Lakini najua vilevile ni kiasi gani tunachotumia kwa nyumba ambayo mkuu wake amepofuka, na kwa muda gani.

Wazee wetu, ninyi ndio mnaosikilizwa. Karani akisema, watu huandika. Mzee akitangulia njiani, watu hufuata. Ikiwa wachache kati yenu mtakwenda hospitali mwezi huu, vijana hawatakuwa na neno la kujitetea. Sasa namrudishia Bwana Mwenyekiti kiti chake ili maombi haya yajadiliwe.